Ulimi wa Kuazima

Katika mji ule, mgeni akishuka kituoni na begi lake, haulizi kwanza alale wapi. Anauliza ale wapi. Na kila mtu ana jibu lake, tena jibu la kugombania. Dereva wa teksi atamtajia mahali, muuza magazeti atamkatiza, na mama aliyekuwa akipita na hamsini zake atasimama, aweke mfuko chini, awaambie wote wawili kwamba hawajui kula. Mji mzima umejengwa juu ya tumbo, wenyewe walisema, wala hawakuona haya. Ilikuwepo mitaa ambayo mwanzo hadi mwisho ni meza na viti tu, nyumba imeegemea nyumba, mvuke wa sufuria ya huyu ukiingia dirishani kwa yule.

Jibu lililosikika kuliko mengine yote lilikuwa "Kwa Bi Mkubwa". Mkahawa ule ulikuwa na sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi kila asubuhi, na mchuzi wa nyama ambao watu walisafiri kutoka mbali kuja kuuchovya mkate. Na ghorofani, juu ya harufu yote ile, aliishi mwanamke ambaye hakuwahi kula pengine.

Alikuwa mke wa mwana wa pekee wa Bi Mkubwa. Wapishi walimwita Shemeji, mavyaa wake alimwita mwanangu, nasi tumwite Mkazamwana, maana ndivyo mtaa ulivyomjua. Tangu siku aliyoletwa nyumba ile hakuwahi kukaa kwenye meza ya mkahawa mwingine. Dada yake, mkunga katika mji wa mbali, alikuwa akimpigia simu na kumtania. Unaishi huko watu wanakopanda ndege kwenda kula, alimwambia, basi nikija tukale wapi? Mkazamwana hujibu: hapa kwetu. Na zaidi ya hapo kwenu? Hapo hunyamaza. Dada mtu alidhani anaringa.

Mambo yalianza na sakafu iliyomwagika mafuta. Bi Mkubwa, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyosikika kupita kelele zote za jikoni, aliteleza asubuhi moja na kisogo chake kikagonga ukingo wa sinki. Alilazwa hospitali, akarudi na bandeji kichwani, akatangaza kwamba yu buheri wa afya. Akaendelea na kazi yake kama kawaida. Kila asubuhi kabla ya kufungua alipita sufuria baada ya sufuria, akachovya kijiko, akafumba macho, na wapishi wakaacha kupumua mpaka aseme.

Mkazamwana wakati huo hakuwa mtu wa jikoni. Alikuja na cherehani yake, akawa anashona mapazia na vitambaa vya meza, na kazi yake pekee kwa mavyaa ilikuwa kumpelekea chai ya asubuhi. Siku moja mtu alikuwa amehamisha makopo rafuni, naye akachota bila kuangalia. Alikwishashuka nusu ya ngazi ndipo vidole vyake vilipomwambia kwamba alichotia kikombeni kilikuwa kizito kuliko sukari. Akarudi mbio. Kikombe kilikuwa kitupu.

"Chai ilikuwaje, mama?"

"Nzuri. Ila sukari umezidisha kidogo."

Mkazamwana alisimama pale na trei mkononi, na uso wake haukujua kuficha. Bi Mkubwa akamwangalia, kisha akaangalia kikombe.

"Ulitia nini?"

"Chumvi, mama."

Bi Mkubwa akasukuma kikombe kando. "Funga mlango," akasema.

Nyuma ya mlango ule ndipo alipoeleza. Tangu aanguke, kila kitu kinywani mwake kilikuwa kama pamba iliyolowa. Daktari alimwambia huenda hali ikarudi, huenda isirudi, na jinsi alivyolisema neno huenda, Bi Mkubwa alijua hairudi. Hakumwambia mwanawe, kwa kuwa mwanawe hakuwa na kifua cha kuweka kitu. Alikuwa mtu mwema, mtaani walimwita Mpole, kazi yake kusimama mlangoni na kukaribisha wageni, na jambo likimwingia sikioni saa hiyo hiyo linatokea mdomoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, Bi Mkubwa akasema, na wewe ndiwe kata. Akamshika mkazamwana wake kiganja. Kesho utashuka jikoni, utasema unataka kujifunza.

Basi akashuka. Wapishi walifurahi kuona Shemeji ameacha kushona amekuja kusimama kwenye moto. Bi Mkubwa aliendelea kuchovya na kufumba macho, kisha akampa kijiko "mwanafunzi" wake, naye akionja huku amesimama mbele ya mavyaa, aliyekuwa akichungulia kupitia kope, alimtumia ishara. Akigusa hereni, chumvi imepungua. Akikaza kilemba, ongezeni ndimu. Akikohoa, moto umekuwa mkali. Asipofanya lolote, mambo ni sawa. Kisha Bi Mkubwa anafumbua macho na kutoa hukumu, na fundi wa supu anatikisa kichwa kwa mshangao, kwamba mtu huyu ulimi wake ni wa malaika.

Kazi aliiweza. Hilo ndilo lililomponza. Alikuwa na ulimi hodari ambao yeye mwenyewe hakuujua, na kadiri alivyoonja ndivyo ulivyozidi kunoleka, na kadiri ulivyonoleka ndivyo Bi Mkubwa alivyouchunga. Pilipili asiguse, inaua ladha. Chai ya moto asubiri ipoe. Akipiga chafya tu, anafungiwa ndani na kunyweshwa dawa za majani. Kula kwingine lilikuwa jambo la kutofikiriwa kabisa: ulimi ukizoea mkono wa mtu mwingine utatudanganya, Bi Mkubwa alisema, na isitoshe, watu watauliza kwa nini mke wa mwanangu anatoroka mchuzi wa kwao.

Mama yake mzazi alipofanyiwa upasuaji wa macho, Mkazamwana aliomba ruhusa aende akamuuguze. Bi Mkubwa hakukataa. Angekataa ingekuwa afadhali, wangegombana. Alisema, "Nenda, mwanangu. Mzazi ni mzazi. Nitawaambia wapishi tufunge mpaka utakaporudi." Kisha akageuka kuwaangalia wapishi na wahudumu waliokuwa wakimenya na kupanga sahani, kila mmoja na watoto wake nyumbani. Mkazamwana hakwenda. Alimtumia mama yake kitambaa alichokitarizi, na dada yake kwenye simu akasema maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana.

Mumewe hakuona tatizo. Kwa macho yake mkewe alikuwa amependwa. Wanawake wangapi, alimwuliza, wanashikwa mkono na mavyaa zao namna hii?  Saa za mchana, kazi ilipopungua, Mkazamwana alipanda chumbani akakaa dirishani. Ng'ambo ya mtaa, umbali wa kurusha jiwe, palikuwa na mlango wa kijani na meza zilizotolewa nje. Aliwaangalia watu wakila. Aliangalia mikono yao, mkate ukimegwa, mtu akifumba macho baada ya tonge la kwanza.

Mkahawa ule wa mlango wa kijani uliitwa Kwa Bi Mdogo. Wageni walicheka wakisikia, wakidhani mzee mmoja mwenye bahati aliwafungulia wake zake wawili mikahawa inayotazamana. Wenyeji ndio waliojua. Hawakuwa wake wenza. Walikuwa dada wa tumbo moja. Mama yao alipofariki jiko lilibaki kwa mkubwa, mdogo akavuka mtaa akafungua lake kwa mchuzi ule ule wa mama, na mkubwa akasema mbele ya wateja kwamba kile kinachouzwa ng'ambo ni maji yaliyopita karibu na nyama. Tangu siku hiyo hawakuamkiana.

Mkazamwana alikwishakata tamaa ya kupata mtoto. Asubuhi moja alipochovya kijiko kwenye mchuzi, alihisi kama amelamba ufunguo. Akadhani ni sufuria. Akaonja supu, ufunguo. Alipopanda juu akamega mkate, ukawa sabuni. Kesho yake harufu ya kitunguu kikikaangwa ilimkimbiza uani, akainama pale kwenye mapipa, na akiwa amejishikilia ukutani akahesabu siku zake akaelewa.

Furaha na hofu vilimjia vimeshikana. Alinyamaza majuma kadhaa. Alisimama mbele ya sufuria amebana pumzi, akachovya, akameza, akagusa hereni leo kwa kuwa jana hakuigusa. Alikuwa anakisia tu. Hatimaye, mchana mmoja wakikunja vitambaa vya meza, alimwambia mumewe. Mpole alianza kulia pale pale, kitambaa kimemning'inia mkononi, na kabla mkewe hajamshika shati alikuwa ameshafika mwisho wa ngazi akimwita mama yake. Vigelegele vikasikika hadi barabarani. Wateja waliokuwepo wakaletewa vitamutamu bure, na fundi wa supu akaruhusiwa kwenda nyumbani mapema.

Jua lilipoanza kulegea, Bi Mkubwa alipanda ghorofani. Akamkumbatia mkazamwana wake, akamwombea dua ndefu, dua ya kweli, machozi yakimlengalenga. Kisha akafunga mlango.

"Na ulimi?"

"Umekufa, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na ishara ulizokuwa ukinipa?"

"Nilikuwa nakisia."

Bi Mkubwa akakaa kitandani. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Kipofu kamshika kipofu mkono, alisema, akijisemea mwenyewe. Mkazamwana akadhani huo ndio mwisho, na moyo wake ukawa mwepesi. Akamwambia basi wawaambie wapishi, fundi wa supu ana ulimi mzuri, anaweza kushika kazi.

"Fundi wa supu ana na mdomo mzuri pia," Bi Mkubwa akajibu. "Kabla ya adhuhuri mtaa mzima utajua. Mimba si kilema, mwanangu, ulimi utarudi. Mpaka hapo tutapika kwa kumbukumbu."

Wakapika kwa kumbukumbu. Kila asubuhi wanawake wawili wasioonja kitu walisimama mbele ya sufuria zilizosifiwa kuliko zote mjini, mmoja amefumba macho, mwingine amebana pumzi. Kichefuchefu hakikuruhusiwa kuonekana, maana wapishi wangeuliza anaonjaje mtu anayetapika. Akamung'unya karafuu, akatabasamu, akapanda ghorofani akajilaza sakafuni penye vigae vya baridi. Wala mlango haukuwa umefungwa. Angeweza kusimama na kutoka wakati wowote. Lakini kila alipofikiria kutoka, aliona jiko limezimwa na wale watu wote wamekaa nje na aproni zao mikononi.

Jambo lililomtisha zaidi lilikuwa wateja. Ukutani palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na kupitia hapo alimwona hakimu mstaafu, mteja wa meza ya pembeni tangu enzi za mama yake Bi Mkubwa. Mzee alichota mchuzi, akatulia. Akanywa maji. Akachota tena, akanywa tena. Kisha akamgeukia mgeni aliyekuja naye akasema kwa fahari kwamba hii, bwana, ndiyo ladha ya mji huu. Na mgeni, macho yamemlowa kwa chumvi, akaitikia kwamba kweli, hajawahi kula kitu kama hiki. Wahudumu walikuwa wakijaza majagi bila kupumzika na kulaumu joto. Mkazamwana kwanza alishusha pumzi. Baadaye alikaa chini katikati ya ngazi. Kama hawatambui, aliwaza, basi jambo hili halina mwisho. Ninaweza kusimama pale mpaka nizeeke.

Aliyetambua alikuwa mtu mmoja tu. Kwenye kona ya mtaa alikaa fundi viatu, na kila juma fundi huyo alikuja mlango wa nyuma na hotipoti yake kununua mchuzi. Wote waliamini ni wa watoto wake. Siku hiyo aliirudisha hotipoti imejaa.

"Shemeji, mimi ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi," akasema. "Aliyenituma anauliza, nani anaumwa jikoni kwenu?"

Akamwuliza ni nani aliyemtuma. Fundi viatu hakujibu kwa mdomo. Aliinua kidevu kuelekea mlango wa kijani, akajiendea zake.

Kwa siku kadhaa Mkazamwana hakufanya kitu. Halafu ikaja alasiri ambayo Bi Mkubwa alikuwa amelala na Mpole amekwenda sokoni, naye akajikuta ameshuka, amevaa viatu, amesimama ukingoni mwa barabara. Mtaa ule ungeuvuka ukihesabu kumi, lakini kila aliyekaa kwenye meza alimjua. Alijua habari itatangulia. Akavuka hivyo hivyo, akaingia kwa mlango wa mbele kwa kuwa hakujua wa nyuma uko wapi, akaketi kwenye meza ya kwanza aliyoiona. Kiti kilikuwa kifupi kuliko vya kwao. Hakujua kwa nini, lakini jambo hilo lilimtoa machozi.

Bi Mdogo akatoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mfupi, mnene, uso wa kucheka, hafanani na dada yake hata kidogo, isipokuwa mikono. Mikono ilikuwa ile ile.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Miaka yote hii unaniangalia toka dirishani, nilikuwa najiuliza utashuka lini."

Akamletea sahani. Mkazamwana akaisogelea, akageuza uso. Bi Mdogo akaiondoa bila kuuliza, akarudi na mkate mkavu uliobanikwa na kipande cha ndimu cha kunusa, akajibwaga kwenye kiti cha pili. Hongera, akamwambia, na pole. Kisha akainama mezani, akashusha sauti.

"Dada yangu haonji. Tangu alipoanguka. Sivyo?"

Mkazamwana akaanza kukana. Bi Mdogo akamwacha akane mpaka maneno yakamwishia.

"Usijisumbue kumficha. Mchuzi wake nimeula kila juma tangu tulipogombana. Alipoanguka ukabadilika. Haukuharibika, ulibadilika, ndimu ikawa ya mtu mwingine. Nikasema, pana mtu mpya pale, tena ana adabu, anamfuata dada yangu nyuma nyuma asijionyeshe. Kumbe ni wewe. Na siku hizi hamna mtu kabisa."

Wateja wangapi walikuwa wamekula mkono wake, Mkazamwana aliwaza, bila kujua kwamba yupo? Kulikuwa na mtu mmoja aliyemjua muda wote, mtu ambaye hawakuwahi hata kusalimiana. Alilia mpaka mkate ukalowa. Alipotulia akauliza swali lililomkera: kama hawasemeshani, kwa nini ale mchuzi wake?

Bi Mdogo akapangusa makombo mezani kwa kiganja. "Ndiye ndugu niliyebaki naye. Sikuwa na njia nyingine ya kumwamkia." Kisha akasema: mwambie nitakuja nimwonjee. Asubuhi, kabla sijafungua kwangu. Mtu akiniona aseme nimekuja kugombana.

"Atanifukuza nikimwambia hivyo."

"Hawezi. Akikufukuza utakuwa huru, naye hilo analijua."

Aliporudi, Bi Mkubwa alikuwa amesimama katikati ya jiko, ameamka, ameambiwa. Wapishi walikuwa wakisugua masufuria yaliyokwisha kung'aa. Akampeleka stoo, kati ya magunia ya viazi, na cha kwanza alichouliza kilikuwa amekula nini huko. Mkate mkavu. Na umeuonaje? Kama sabuni, mama, kila kitu ni sabuni. Hapo Mkazamwana akatoa ujumbe wote, haraka, asije akaishiwa nguvu. Bi Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema afadhali amwage sufuria zote mtaroni kuliko yule mtu atie kijiko chake ndani.

Kuanzia siku hiyo Bi Mkubwa alihamishia kiti chake chini ya ngazi. Alikaa pale akichambua mboga, akipokea simu, akisinzia hata, na hakuna aliyeweza kushuka bila kuruka magoti yake. Mimba changa hii, aliwaambia watu, nisipomlinda mimi nani atamlinda? Mpole akaona upendo juu ya upendo. Mkazamwana alimwambia mumewe kwamba hana hewa, naye akamfungulia dirisha.

Likaja kundi la wageni kutoka nje, watu walioalika jamaa na marafiki wakajaza mkahawa mzima kwa chakula cha mchana. Asubuhi yake jiko lilikuwa limechemka tangu mapema. Wapishi wakakusanyika kwenye sufuria kubwa ya mchuzi. Bi Mkubwa akachovya, akafumba macho, akampa mkazamwana wake kijiko, akasubiri.

Mkazamwana alikipokea kijiko. Akakirudisha sahanini bila kukigusa mdomoni, akaweka mikono nyuma.

Bi Mkubwa akafumbua jicho moja. "Mwanangu, kilemba chako kimelegea."

"Hakijalegea, mama."

"Na hereni?"

"Iko sawa, mama."

Wapishi wakatazamana. Fundi wa supu alisahau mwiko ndani ya sufuria. Mkazamwana alipofungua kinywa alishangaa kusikia sauti yake ni tulivu. Akasema kwamba yeye hawezi kuonja, ana mimba na ulimi wake hausikii kitu, wala hataonja tena mpaka ajifungue. Alisema ya kwake tu. Ya mavyaa wake hakuyagusa.

"Onja wewe, mama," akamaliza. "Ndiwe mwenye jiko."

Bi Mkubwa alibaki na kijiko. Angeweza kusema umekolea, kama alivyosema siku zote, na kila mtu angerudi kazini. Mkazamwana alimwona akiandaa neno hilo. Aliona midomo ikilishika. Nje Mpole alikuwa akipanga viti na kuimba. Kisha yule mama akaangalia uso mmoja mmoja, wapishi wake, watu aliowafundisha kushika kisu, na mkono wenye kijiko ukashuka taratibu.

"Mwiteni mdogo wangu," akasema.

Hakuna aliyetembea, fundi wa supu alikimbia. Bi Mdogo alikuja na aproni yake, akapita katikati ya meza zilizoandaliwa, akaingia jikoni alimozaliwa na ambamo hakuwahi kukanyaga tangu msiba wa mama yao. Hawakukumbatiana. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria, akaonja, akakunja uso.

"Chumvi kama bahari. Mnataka kuua watu?"

"Wewe toka zamani unapika chapwa," Bi Mkubwa akamjibu.

Bi Mdogo akageuka. Dada zake wangapi wangemjibu hivyo? Alikuwa naye mmoja tu. Midomo ikamcheza, kisha akaomba viazi viongezwe, na maji ya moto, na sufuria nyingine pembeni. Bi Mkubwa akasogea kumpisha kidogo, kidogo sana, bega likibaki limegusa bega. Mkazamwana akapita kwenye kiti kitupu chini ya ngazi, akapanda, akalala mpaka alasiri. Hakuna aliyemwita.

Mji ulilipokea jambo lile kwa namna yake. Ilisemekana madada wamepatana kwa ajili ya mjukuu anayekuja, na watu wakaona ni vizuri, wakaenda kula kote kuwili ili wasionekane wana upande. Wapishi huenda walielewa zaidi. Kama walielewa, walinyamaza. Mpole alielezwa na mkewe mambo yote, akauliza kwa nini hakumwambia tangu mwanzo. Ungemwambia mama, mkewe akajibu.  Siku ile ile Mpole alimkatia tiketi, na Mkazamwana akaenda kwa dada yake mkunga, wakalia, wakaombana radhi, na miezi ilipotimia akajifungua mtoto wa kike mwenye mapafu ya kutosha kuamsha mtaa.

Alikuwa akimnyonyesha, asubuhi ya kawaida tu, dada yake amemmenyea chungwa. Akatia kipande mdomoni bila kutarajia kitu. Utamu ukamrukia, na uchachu nyuma yake, na kile kichungu cha ganda jeupe ambacho watu hukitema. Akatafuna polepole, akala chungwa lote, akala na la pili. Dada yake akauliza mbona anatabasamu. Akasema ni mtoto amemtekenya.

Aliporudi, mavyaa wake alikuja kumpokea kituoni pamoja na Mpole. Alimchukua mjukuu, akamfunua uso, akamwita majina yote matamu. Mpole alipokwenda kutafuta gari, alisogea.

"Ulimi umerudi?"

"Bado, mama."

Bi Mkubwa alimwangalia. Alikuwa mtu aliyefumba macho juu ya kijiko miaka mingi, na kama kuna aliyejua uso wa mtu anayeficha, ni yeye. Akamfunika mtoto vizuri. "Pole," akasema. "Si haraka."

Siku hizi mchana Mkazamwana humfunga mtoto mgongoni na kusema anakwenda kumpungisha upepo. Huenda mbali, mitaa ya juu, ambako sura yake haijulikani sana, akachagua mlango kwa kunusa tu. Amekula samaki wa kubanikwa kwenye ukumbi wenye vioo, amekula uji wa dengu akiwa amesimama, ameungua ulimi kwa pilipili na kucheka peke yake.

Nyumbani ndiko kwenye kazi, kazi ya kujifanya haonji. Jumapili mkahawa unapofungwa, familia hukaa kwenye meza ya jikoni, na Bi Mdogo siku hizi yupo. Jumapili iliyopita walipika mchuzi wa mama yao, wawili, wakigombana tangu kitunguu cha kwanza. Mkazamwana alipotia tonge kinywani ilibidi ashike ukingo wa meza. Hakuwahi kula kitu kama kile, si pale, si popote mjini. Alijua chumvi ilikuwa ya nani na ndimu ilikuwa ya nani. Madada wote wawili walikuwa wakimwangalia usoni. Akatafuna kama anayetafuna sabuni, akameza. Bi Mdogo akauliza kama amwongeze. Akasema hapana, asante, imetosha, na akasogeza sahani mbali huku mate yamemjaa mdomoni.